Pesa za Udongo Hazina Mwenyewe

Hukumu iliyosomwa Mombasa tarehe 16 Julai 2020 katika kesi ya Owino Uhuru ilikuwa na hesabu mbili. Ya kwanza ilijaa magazetini: shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi waliougua na waliofiwa kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi. Ya pili ilipita karibu kimya. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wadaiwa miezi minne wasafishe udongo na maji ya mtaa ule na kuondoa taka zilizoachwa na kiwanda. Wasipofanya hivyo, zitoke shilingi milioni 700, na walalamikaji wakishirikiana na wataalamu wa udongo na mazingira waifanye kazi hiyo wenyewe.

Wanasheria waliisifu hesabu ya kwanza, nami naisifu. Ila kazi yangu ni kukagua miradi ya mazingira, na jicho langu lilikwama kwenye ile ya pili. Hizo milioni 700 zingekaa kwenye akaunti ya nani? Nani angetia saini hundi? Udongo ungefikia kipimo gani ndipo tuambiwe umesafika, na kauli hiyo ingetoka kinywani mwa nani? Aya ile ya amri haikuingia huko. Simlaumu jaji, kwani hukumu nyingi na maridhiano mengi ya namna hii huandikwa hivyo hivyo duniani. Kiasi hubishaniwa miaka na miaka mpaka senti ya mwisho, halafu usimamizi wa matumizi huachiwa nia njema ya watakaokuwepo.

Kwa asiyeikumbuka kesi yenyewe: Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda upande wa Mikindani, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kikiwa chini ya mpango wa viwanda vya mauzo ya nje. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga ana risasi mwilini. Aliacha kazi, akaanza kupiga kelele, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Kesi ilifunguliwa 2016, wakazi wakashinda 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo Juni 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile bilioni 1.3.

Mwanasheria atakwambia huo ni mwendo wa kawaida wa kesi kubwa. Udongo hauna habari na ngazi za mahakama. Risasi haiozi wala haipotei hewani. Ikishatua hung'ang'ania tabaka la juu la ardhi, kiangazi ikawa vumbi, masika ikasukumwa na maji hadi ua wa jirani. Mtoto wa miaka miwili anayetambaa na kutia vidole mdomoni huila siku nzima bila mtu kujua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na tangu 2021 linashauri kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kiondolewe: dawa za hospitali haziwezi kushindana na ua uleule mtoto anaorudi kuuchezea.

Hapo ndipo pesa za aina hii zinapotofautiana na fidia. Fidia ina mwenyewe. Mama aliyeandikiwa laki tatu akipewa mbili atajua siku hiyo hiyo. Atampigia simu wakili, atakwenda kukaa kwenye benchi la ofisi mpaka aonwe. Pesa za kusafisha udongo hazina mtu wa kukaa kwenye benchi. Nusu yake ikiliwa, hakuna anayekosa shilingi mfukoni mwake. Anayekosa ni mtoto ambaye pengine hajazaliwa, naye akija kuwa mzito darasani hakuna mwalimu atakayefikiria zabuni iliyotolewa miaka kumi nyuma. Kwa hiyo usimamizi tuliouzoea, wa vocha na stakabadhi, haufai hapa hata ukifanywa kwa uaminifu wa malaika. Msimamizi asiye na njia yake mwenyewe ya kujua hali ya udongo anahesabu karatasi tu.

Nianze na mahali ambapo hata karatasi hazikuhesabiwa vizuri. Agosti 2006 meli ya Probo Koala, iliyokodiwa na kampuni ya biashara ya mafuta ya Trafigura, ilishusha taka zenye sumu mjini Abidjan, nazo zikamwagwa sehemu 18 za mji. Watu zaidi ya 100,000 walikwenda kutafuta matibabu. Februari 2007, miezi sita tu baadaye, serikali ya Côte d'Ivoire na kampuni waliridhiana kwa faranga za CFA bilioni 95. Katika hizo, bilioni 22 zilitajwa kuwa za kusafisha na zilizobaki za kufidia serikali na waathirika. Serikali nayo ikaahidi kutoishitaki kampuni tena. Mtazame mpangilio wake: aliyepokea pesa, aliyepanga matumizi, aliyesimamia usafi na aliyetangaza kazi imekwisha ni mkono mmoja. Waathirika hawakuwa mezani.

Baadhi ya waathirika wakaenda mahakamani London. Mwaka 2009 kampuni ileile ilikubali kuwalipa watu wapatao 30,000 jumla ya pauni milioni 30. Pesa zilipofika benki Abidjan likazuka kundi lililodai kuwawakilisha waathirika, mahakama ya huko ikaamuru lipewe, na maelfu hawakuona kitu. Waziri mmoja alipoteza kazi mwaka 2012 kwa kuhusishwa na jambo hilo. Hizi zilikuwa pesa zenye wenyewe, majina yameorodheshwa moja moja, na bado ziliyeyuka. Hebu fikiria zile za udongo.

Neno la mwisho katika mkasa huo lilitoka Arusha. Tarehe 5 Septemba 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliikuta Côte d'Ivoire na hatia ya kuvunja haki za watu wake na kuiamuru iunde mfuko wa fidia unaolingana na kile ilichopokea kutoka Trafigura. Ni miaka 17 baada ya meli. Somo ninalochukua mimi ni kwamba mahakama ile ililazimika kuagiza mfuko uundwe upya kwa sababu pesa za mwanzo ziliingia kwenye chungu kikuu cha serikali, na huko haziwezi tena kutambulikana ni zipi.

Basi zisishikwe na serikali, zishikwe na nani? Wako wanaosema mchafuzi mwenyewe asafishe, kwa kuwa ndiye mwenye mitambo, wahandisi na mkoba. Brazil ilijaribu. Bwawa la taka za mgodi la Fundão lilipasuka tarehe 5 Novemba 2015, likaua watu 19 na kutia tope Mto Doce hadi baharini. Mwaka uliofuata kampuni zenye mgodi zikaunda wakfu uitwao Renova, ulioendesha kila kitu: fidia, ujenzi wa vijiji, usafi wa mto. Renova ilitumia mabilioni. Ila mwathirika aliyekuwa na malalamiko alijikuta anapeleka shauri lake kwa wakfu uliolipwa na yule anayemlalamikia, na mashauri yakarundikana mahakamani. Oktoba 2024 serikali na kampuni walisaini mapatano mapya ya reali bilioni 170, pamoja na zile zilizokwishatumika, na Renova ikavunjwa. Sina haja ya kuongeza neno. Fisi akipewa bucha hata akiwa na adabu nzuri wateja watakuwa na mashaka na mizani.

Njia ya tatu ni wadhamini, na hapo Wamarekani wana uzoefu mrefu kuliko wote. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, kampuni iliridhiana mwaka 1991 kulipa dola milioni 900 kwa muda wa miaka kumi. Likaundwa baraza la wadhamini sita, watatu wa serikali kuu na watatu wa jimbo, na hakuna senti inayotoka mpaka wote sita wakubaliane. Unaweza kudhani huo ni ukuta usiopenyeka. Mwaka 1993 wakaguzi wa Bunge la Marekani walikuta sehemu kubwa ya pesa za mwanzo zimekwenda kurudisha gharama ambazo idara za serikali na Exxon yenyewe zilikuwa zimekwishazitumia, na kwamba miradi mingi ilikuwa inapewa idara zilezile zenye wajumbe kwenye baraza. Hakuna aliyeiba. Kila mtu alikuwa na barua yake. Pesa tu zilikuwa zinazunguka mezani pale pale.

Lililonifunza zaidi ni la Ghuba ya Mexico, baada ya mlipuko wa mtambo wa Deepwater Horizon mwaka 2010. Maridhiano yaliyoidhinishwa na mahakama Aprili 2016 yalikuwa ya dola bilioni 20.8, na katika hizo hadi bilioni 8.8 ni za kurejesha mazingira, zikilipwa kwa awamu kwa miaka 15. Mipango ilichapishwa, mikutano ya wazi ikafanyika, kanzidata ikafunguliwa kwa yeyote. Lakini kabla ya hapo, katika pesa za awali, jimbo la Alabama lilikuwa limepitishiwa dola milioni 58.5 kujenga hoteli na ukumbi wa mikutano ndani ya hifadhi ya ufukweni, badala ya hoteli iliyobomolewa na kimbunga mwaka 2004. Hoja yao ilikuwa hii: mafuta yaliwanyima watu siku za kustarehe ufukweni, na starehe ni haki iliyopotea, kwa hiyo hoteli inairudisha. Kwa karatasi hoja inasimama. Sheria yao inaruhusu kufidia matumizi ya watu yaliyopotea, na wahasibu waliiona kila dola imekwenda ilikoandikwa. Kikundi cha wanamazingira kilikwenda mahakamani, na Februari 2016 jaji akasema wadhamini hawakupima njia nyingine kama sheria inavyotaka. Wadhamini wakarudi, wakapima, wakapitisha hoteli ileile. Ilifunguliwa mwaka 2018.

Siisimulii ili tucheke. Mkaguzi wa hesabu, hata yule mkali kuliko wote, hoteli ile ingempita. Angeuliza kama zabuni ilitangazwa na kama saruji ilifika. Hakuna safu katika daftari lake inayouliza kama nyasi za pwani zimerudi.

Kwingineko katika ghuba hiyohiyo mambo yalikwenda kinyume. Louisiana ilipanga kupasua ukingo wa Mto Mississippi ili matope yake yajenge upya ardhi inayomezwa na bahari, mradi wa karibu dola bilioni 3, mwingi wake ukiwa pesa za maridhiano. Wanasayansi waliusifu. Wafugaji wa chaza na wavuvi wa kamba wakaupinga, kwani maji baridi ya mto yangeua riziki yao. Ujenzi ulizinduliwa Agosti 2023, ukafutwa Julai 2025, na zaidi ya dola milioni 500 zilikuwa zimekwishatumika. Sina upande katika ugomvi ule. Naona tu kwamba uwazi wa vitabu haukuwasaidia, kwa sababu hawakuwa wamemaliza swali la mwanzo kabisa: kurejesha ni kurejesha nini, na kwa ajili ya nani. Swali hilo likiachwa mlangoni huja kulipuka ndani, kwa bei ya juu.

Tuhamie Afrika tena, Ogoni huko Nigeria. Hapo palikuwa na kila kitu ambacho washauri hupendekeza. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti nzito baada ya kuchunguza zaidi ya maeneo 200. Katika kijiji cha Nisisioken Ogale lilikuta visima vya maji ya kunywa vyenye benzini mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Ila jedwali ambalo wakaguzi tunalirudia ni lingine. UNEP walichukua maeneo 15 ambayo vitabu vya kampuni ya Shell nchini humo vilisema usafi umekamilika, wakaenda kuchimba. Katika 10 uchafuzi ulikuwa bado juu ya kiwango ambacho kampuni yenyewe na serikali walikuwa wamejiwekea. Katika 8 ulikuwa umeshuka hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Kumi katika kumi na tano, na yote yana hati ya kukamilika.

Baada ya hapo ukaundwa mradi wa serikali, HYPREP, wenye baraza la uongozi, mfuko wa amana wenye wadhamini, na ahadi ya dola bilioni 1 kutoka kwa kampuni za mafuta. Ulizinduliwa Juni 2016 mjini Bodo na makamu wa rais, kwa mahema na ngoma. Wakandarasi wa kwanza walikabidhiwa maeneo Januari 2019. (Nimewahi kutamani sheria inayokataza hafla ya uzinduzi mpaka kijiko cha kwanza cha udongo kiwe kimetoka, tungeokoa pesa nyingi za viti.) Mwaka 2020 Amnesty International na wenzake waliripoti kwamba kazi imeanza katika asilimia 11 tu ya maeneo yaliyotajwa na UNEP, na kwamba kampuni 11 kati ya 16 zilizopewa kandarasi hazikuwa na utaalamu uliosajiliwa wa kusafisha mafuta. Mwaka 2024 shirika la habari la AP lilichapisha yaliyomo katika nyaraka za Umoja wa Mataifa, na humo mlikuwa na jambo dogo lililonikosesha usingizi kuliko mabilioni yote: sampuli za udongo zilikuwa zinapelekwa kwenye maabara zisizokuwa na vifaa vya kufanya vipimo zilizodai kuvifanya.

Mfuko wa amana ulikuwapo, na wadhamini walikuwapo. Namba ya mwisho, ile inayosema pamesafika au bado, ilikuwa inatungwa.

Ndiyo maana nataka tuiangalie namba hiyo kwa karibu, jinsi inavyopatikana na jinsi inavyoghushiwa. Chukua kiwanja kimoja cha mtaa kama Owino Uhuru: nyumba ya vyumba sita mfululizo, ua wa kuanikia nguo, choo cha pamoja nyuma, mfereji wa maji machafu. Mpimaji wa haraka atachota udongo katikati ya ua na kuondoka. Mpimaji makini ataugawa ua kwa miraba. Atakwangua sentimita mbili tatu za juu, kwanza chini ya ncha ya mabati ambako mvua hushusha vumbi la paa, kisha mlangoni, kisha pale watoto wanapochezea. Anao mkononi mtambo wa eksirei unaofanana na kile kifaa cha kusomea bei dukani. Akiuelekeza kwenye udongo kwa dakika moja unamtajia miligramu za risasi kwa kila kilo. Hautoshi peke yake, kwa hiyo sehemu ya sampuli inafungwa kwenye mifuko yenye namba na kupelekwa maabara, kila aliyeishika akitia saini. Kila baada ya mifuko kadhaa anachukua pacha kutoka mahali palepale na kuupa namba tofauti kabisa, bila kuiambia maabara. Majibu ya pacha yakija yamepishana kwa mbali, maabara ile imebahatisha, au haikupima.

Udanganyifu nao una ufundi wake. Mkandarasi anaweza kumwaga udongo mpya juu ya ule wa zamani, akapimisha juu. Anaweza kulima na kuchanganya mchafu na msafi mpaka kipimo kishuke huku risasi ikibaki ileile, imetawanywa tu. Anaweza kutoa wastani wa mtaa mzima, ukapendeza, ilhali nyuma ya ukuta wa kiwanda kuna viwanja vitatu vinavyowaka. Na anaweza kusafisha kweli, kisha lori likishapita kona likamwaga mzigo kando ya jaa la Mwakirunge au kwenye bonde la kwanza lisilo na mlinzi. Kila moja ya hila hizi ina risiti halali.

Zipo mbinu za kuzizuia, na zimefanya kazi katika mazingira magumu kuliko Mombasa. Jimboni Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010 zaidi ya watoto 400 walikufa kwa risasi iliyotoka katika mawe ya dhahabu yaliyokuwa yanasagwa majumbani. Vijiji saba vya mwanzo vilisafishwa. Cha nane, Bagega, kikakwama: serikali iliahidi naira milioni 850 katikati ya 2012, na hazikutoka hadi mapema 2013. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa za kutoa risasi mwilini, na walisema wazi kwamba hawawezi kuanza matibabu Bagega kabla ya nyumba kusafishwa, maana mtoto angetibiwa asubuhi na kulishwa sumu jioni. Pesa zilipotoka, wataalamu waliwafundisha vijana wa huko huko kupima ua kwa ua kwa vifaa vya mkononi, udongo wenye sumu ukazikwa kwenye mashimo yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nao madaktari wakaingia nyuma yao. Damu ya watoto ikawa mkaguzi wa kazi ya udongo. Mkandarasi hawezi kujadiliana na damu.

Sasa turudi Mombasa na zile milioni 700, au kiasi chochote kitakachopatikana, kwa mahakama au kwa maridhiano.

Mtu atasema tunao mfuko tayari. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 iliunda Mfuko wa Taifa wa Urejeshaji Mazingira. Ni kweli, ila mfuko huo uko mikononi mwa NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, na NEMA ilikuwa mdaiwa katika kesi hii. Sisemi maofisa wake ni wezi. Ninawajua wengi wanaofanya kazi nzuri kwa gari moja na mafuta ya mkopo. Nasema tu kwamba chombo kilichokutwa na lawama hakiwezi kuwa mweka hazina, mpimaji na mtoa cheti cha kukamilika kwa wakati mmoja. Kwa upande mwingine, kukabidhi kila kitu kwa walalamikaji, kama amri ya 2020 ilivyoelekea, ni kuwabebesha wanaharakati kazi ya kandarasi na kuwaacha bila kinga siku tuhuma zitakapoanza, na zitaanza. Akaunti ya amana chini ya mahakama, yenye watia saini wasiotoka upande wowote wa kesi, ni nafuu kwa wote.

Kabla ya zabuni, pafanyike kipimo cha awali, na maabara itakayokifanya isiwe na kandarasi nyingine yoyote mtaani. Kiwango cha kufikia kiandikwe kwenye amri yenyewe. Marekani ilitumia miligramu 400 kwa kilo kwa maeneo ya makazi kwa zaidi ya miaka 20, na Januari 2024 ikashusha hadi 200. Tuchague chetu kwa sababu zinazoelezeka, tukiandike, tusije tukakibadilisha katikati ya kazi bajeti ikibana. Mkandarasi alipwe kidogo kwa kuleta mitambo na kilichobaki kwa kila kiwanja kilichofikia kiwango, kiwanja na si wastani wa mtaa. Sehemu ya malipo izuiliwe hadi masika mbili zipite, kwa sababu mvua ndiyo itakayoonyesha kama chanzo nyuma ya ukuta wa kiwanda kiliondolewa au kilifunikwa. Lori lipimwe likitoka na lipimwe likifika.

Gharama za haya yote hazitapungua shilingi kumi katika kila mia, milioni 70 katika milioni 700. Najua kelele zitakazofuata, kwamba wataalamu wanakula pesa za maskini. Kelele hizo si za kupuuza, kwani nimeona kamati za usimamizi ambazo kazi yake kubwa ilikuwa posho. Dawa yake ni kulipa kwa matokeo pande zote mbili: mpimaji alipwe kwa kiwanja alichopima na kuchapisha, asilipwe kwa kikao alichokaa. Vijana wa mtaa wafundishwe kushika kifaa, kama Bagega, na walipwe mshahara wa kazi ya mikono, usioitwa posho.

Liko jambo moja ambalo halimo katika miongozo ya Wamarekani, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Wakazi wengi wa mitaa ya aina hii ni wapangaji, au wamejenga mahali wasipo na hati yake. Ardhi yenye sumu kando ya barabara kuu ya bandari haitamaniwi na mtu. Ikishasafishwa kwa mamilioni ya umma, itatamaniwa. Mwenye kiwanja atapandisha kodi, au atatokea mtu mwenye hati ya zamani na greda. Tutakuwa tumewasafishia wengine, na wale waliolipa kwa damu ya watoto wao watahamia mtaa mwingine wa bei ya chini, pengine jirani na kiwanda kingine. Amri ya kusafisha iende pamoja na zuio la kuwahamisha wakazi kwa kipindi kinachojulikana. Bila hilo nitasita hata kuishabikia kazi yenyewe.

Je, mahakama inaweza kukaa juu ya jambo kama hili miaka mitano sita, ikipokea ripoti? Zamani wangesema jaji akishahukumu amemaliza. Januari 2021 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Mitu-Bell iliyohusu watu waliobomolewa nyumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilikubali kwamba mahakama zetu zinaweza kutoa amri za usimamizi endelevu katika mashauri ya haki za kikatiba. Ibara ya 70 ya Katiba nayo inampa mtu yeyote nafasi ya kwenda mahakamani kuhusu mazingira bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyeumia. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa mkazi, kwa shirika, hata kwa msomaji wa safu hii. Ningekuwa wakili, ombi langu la kwanza lingekuwa dogo na la bei nafuu: ramani ya mtaa, kiwanja kwa kiwanja, yenye kiasi cha risasi kilichomo leo, ibandikwe hadharani kabla shilingi moja haijatoka kwenye akaunti.